Nimemfungia baba chumbani kwa ufunguo. Naombeni mnisikilize

Kitindamimba

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari zenu. Nimeandika nikafuta mara tatu. Hii ya nne naituma ilivyo.

Mimi ni wa mwisho katika watoto wanne. Nina miaka 43, naishi na baba mwenye miaka 81. Mama alipofariki miaka sita iliyopita nilikuja kukaa naye wiki mbili, nguo zangu zikiwa kwenye begi moja, na wiki hizo hazijaisha mpaka leo. Hakuna kikao kilichonichagua. Wenzangu wana ndoa na watoto, mimi sina, basi ikawa hivyo bila mtu kutamka neno.

Baba ni mtu wa utaratibu. Tangu nimepata akili, kila usiku alikuwa anaizunguka nyumba kabla ya kulala. Anaanza mlango wa nyuma, anapita madirisha, anamalizia mlango wa mbele. Kila komeo analivuta mara mbili kuhakikisha limeshika. Akimaliza anasimama ukumbini na kuuliza, "Wote wamo?" Mama kutoka chumbani anaitikia, "Wote wamo." Hapo ndipo taa inazimwa. Sisi watoto tulikuwa hatupati usingizi mpaka tuyasikie maneno hayo. Usiku ambao kaka mkubwa alichelewa kurudi, nyumba nzima ilikesha kwa sababu mama hakuwa na la kuitikia.

Miaka mitatu iliyopita alianza kuzunguka mara mbili kwa usiku mmoja, kisha mara nne, tano. Nikadhani ni uzee. Siku aliyonikuta jikoni akaniuliza, kwa adabu kama mtu anayeongea na mgeni, kama nimemwona binti yake mdogo, ndipo nikampeleka hospitali. Tukaambiwa ni ugonjwa wa Alzheimer.

Sasa mambo yamegeuka. Yule aliyekuwa anafunga milango ndiye anayeifungua. Saa nane za usiku anavaa shati, anafunga vifungo vyote hadi cha shingoni, anatafuta viatu, anataka kwenda kazini. Kazi yenyewe alistaafu akiwa na miaka 60. Ametoka mara mbili. Mara ya kwanza nilimkuta getini. Mara ya pili sikusikia kitu, nilikuwa nimelala kama gogo, na alfajiri kijana nisiyemfahamu akagonga mlango akiwa amemshika mkono. Baba alikuwa na kiatu kimoja tu. Mguu wa pili soksi ilikuwa imechanika kisiginoni, damu imekaukia. Yeye mwenyewe alikuwa ametulia kabisa. Akamshukuru kijana, akaniagiza nimlipe nauli.

Tangu usiku huo namfungia. Kitasa cha chumba chake kinafungika kwa nje. Saa nne namlaza, nazungusha ufunguo, nautia mfukoni, nalala nao.

Siku za kwanza alilala, au nilidhani amelala. Jumatano iliyopita nilikuwa napita ukumbini nikasikia kitasa. Alikivuta mara mbili. Akanyamaza. Akakivuta tena mara mbili, polepole, vile vile alivyokuwa akivuta makomeo. Halafu akauliza kutoka ndani, kwa sauti yake ile ile: "Wote wamo?"

Nilisimama upande huu wa mlango, ufunguo mkononi, na sikujibu. Niliogopa akijua nipo ataniomba nifungue, nami nitafungua. Baada ya muda nikasikia kitanda. Asubuhi nilikuta shati limekunjwa vizuri juu ya kiti, na godoro limelowa.

Wenzangu sijawaambia. Wao wako kwenye mjadala mwingine. Kaka mkubwa anataka baba apelekwe makao ya wazee. Kaka wa pili anataka azungushwe, miezi mitatu kwa kila mtoto. Dada hataki atoke hapa hata siku moja, kwa sababu baba aliwahi kusema, akiwa na akili zake timamu, kwamba nyumba hii ataiacha akiwa amebebwa. Wote watatu wanampenda, sina shaka na hilo. Lakini mjadala wote uko kwenye simu, na Jumapili hii wanataka tupige kura. Tangu ugonjwa uanze hakuna hata mmoja aliyelala hapa. Wanakuja mchana, na mchana baba anawapokea, anacheka, anauliza habari za watoto. Wakiondoka wananiambia, "Mbona yuko vizuri tu."

Naomba kuuliza mawili. Kumfungia ni kosa? Na nyinyi mliopitia maamuzi haya, mliamuaje bila ndugu kuchukiana?

Binti Mkubwa

Dada pole, lakini nitasema lililo moyoni. Usimfungie. Kuanzia leo usimfungie.

Shangazi yangu alikuwa anafungiwa hivyo hivyo na watu waliompenda. Siku moja waya wa feni ukaanza kuungua chumbani kwake. Mwenye ufunguo alikuwa ametoka kidogo, mchana kweupe. Mlango ukavunjwa kwa nondo. Alitolewa hai, lakini walimkuta amejibana chini ya kitanda, ameziba masikio kwa viganja. Baada ya hapo hakukubali tena mlango wowote ufungwe, hata wa choo. Jina langu alishalisahau zamani, ila mlango ule hakuusahau.

Na akikuuliza tena kama wote wamo, mjibu.

Mzee wa Alfajiri

Marahaba mwanangu. Nimemuuguza mke wangu miaka tisa. Alianza akiwa na miaka 57, tukadhani ni mawazo. Nami nilimfungia, kwa hiyo sina jiwe la kukurushia.

Ila soma tena ulichoandika mwenyewe: godoro limelowa. Mimi ilinichukua wiki sita kuelewa kwamba mke wangu hatangitangi, anatafuta choo. Anaamka amebanwa, hakumbuki choo kiko upande gani, anafungua mlango wa kwanza anaouona, na ule ulikuwa wa nje. Akishatoka anasahau kilichomtoa, basi anaendelea na safari. Nikaweka taa ndogo chooni inayowaka usiku kucha, mlango wa choo nikauacha wazi ili akifumbua macho akione. Mlango wa nje nikautundikia pazia lenye rangi ya ukuta, na juu yake kengele ndogo ya kuniamsha. Kabla hajalala nampeleka chooni hata akisema hana haja. Siwezi kukuambia yaliisha. Lakini siku za kufika mlangoni zikapungua, kwa juma zikawa mbili, wakati mwingine moja.

Viatu na lile shati viondoe machoni pake ikifika jioni. Mtu akiviona anakumbuka safari.

Hili la kuamua ni gumu zaidi na nitakueleza langu lote. Mke wangu alikuwa mwalimu. Mwanzoni, akili ikija na kuondoka, aliniambia, "Najitafuta sijioni." Miaka ikapita, nikaja kusoma habari za mgonjwa yule wa kwanza, Auguste Deter, aliyelazwa Frankfurt mwaka 1901 akiwa na miaka 51, akahojiwa na daktari Alois Alzheimer mwenyewe. Alipewa karatasi aandike jina lake, akashindwa kulimaliza, akasema amejipoteza. Ni kama nilimsikia mke wangu. Na mumewe ndiye aliyempeleka pale baada ya kushindwa kumtunza nyumbani. Nilipofika hapo nilifunga nikalia, kwa sababu wakati huo na mimi nilikuwa nimeshamtoa wangu.

Nilimtoa mwaka wa nane. Tulianguka wote wawili bafuni nikimwinua. Mgongo wangu ukakataa. Tukalala pale sakafuni, maji yanatiririka, mpaka kijana wetu alipofika zaidi ya nusu saa baadaye. Mke wangu alikuwa anatetemeka ananiuliza kama nimeumia. Hakujua mimi ni nani, lakini aliniuliza kama nimeumia. Kesho yake nilianza kutafuta mahali.

Nilikuwa namchana nywele kila asubuhi tangu mikono yake ilipoacha kumtii. Nilipompeleka makao niliwaambia wahudumu: mengine yote fanyeni, nywele niachieni. Nikaenda kila asubuhi, miezi kumi na minne, na kitana changu mfukoni.

Wa Katikati

Mimi naongelea kuzungushwa tu, maana tulifanya. Watoto watatu, miezi miwili miwili, na tuliona ni haki kabisa. Kwetu ilikuwa haki. Kwa mama haikuwa.

Kila nyumba alipoteza kitu. Kwangu alikuwa anajua njia ya choo. Alipotoka kwa mdogo wangu akarudi, hakuijua tena, akaanza kukojoa pembeni ya kabati kwa sababu kwa mdogo wangu choo kilikuwa upande huo. Juma la kwanza la kila hamisho halali. Akishaanza kuzoea, miezi miwili imeisha. Na alikuwa anapanga begi lake kila siku, kila siku, anakunja nguo tatu zile zile, anakaa nalo mapajani karibu na mlango kama mtu anayesubiri gari. Nikimwuliza anakwenda wapi ananijibu, "Sijui, wewe ndiye unayejua."

Tuliacha baada ya mwaka. Akatulia kwa dada mkubwa, sisi wawili ndio tukawa tunazunguka. Kama kaka yako anataka zamu za miezi mitatu, wazo ni zuri, ila wanaohama wawe watoto.

Zamu ya Usiku

Kitindamimba, mimi ni muuguzi, nimekaa na wazee usiku miaka kumi na tisa. Nina swali kwanza: hili la Jumatano lilikuja ghafla? Amebadilika ndani ya siku chache?

Nauliza kwa sababu Alzheimer hushuka polepole, kwa miezi na miaka. Mgonjwa akichanganyikiwa zaidi ndani ya siku mbili tatu, mara nyingi kuna kitu kingine juu yake: maambukizi ya njia ya mkojo, kufunga choo, maji kumpungukia mwilini, maumivu asiyoweza kuyataja, au dawa mpya. Hivyo vinatibika. Kwa hiyo kabla ya kura yoyote, apimwe. Na uniambie anatumia dawa gani, pamoja na zile ambazo hukuandikiwa na daktari.

Kuhusu ufunguo, nakubaliana na Binti Mkubwa. Mtu aliyefungiwa chumbani akianguka, akibanwa, au kukitokea moto, hana pa kutokea. Linda mlango wa nje, chumba kiache wazi afike chooni. Komeo la mlango wa nje lihamishie juu kabisa au chini kabisa, mahali ambapo mkono wake haukuzoea kwenda, lakini wewe uweze kulifungua mara moja hata gizani. Vipo vihisi vya mlango vinavyolia mtu akipita. Mvalishe bangili yenye namba yako ya simu, uwe na picha yake ya karibuni, na majirani wajue, wala usione aibu.

Jioni washa taa kabla giza halijaingia. Vivuli vinawachanganya sana, na saa za jioni ndizo mbaya kwa wengi wao. Asubuhi mtoe akae juani, atembee kidogo, usingizi wa mchana uwe mfupi. Akitaka kwenda kazini usimwambie alistaafu. Mwulize ana kazi gani leo, akae akueleze. Nimeona watu wakieleza kazi yao dakika kumi kisha wanapiga miayo wenyewe.

Kitu kingine. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 55 wenye magonjwa haya ya kusahau, na linasema wanawake ndio wanaobeba asilimia 70 ya saa zote za kuwatunza. Tarakimu hiyo wasomee ndugu zako kabla ya kura yao. Halafu kuna dodoso la maswali 22 la kupima mzigo wa mtunzaji, linaitwa la Zarit. Mwombe daktari akuulize wewe. Umeandika kurasa nzima za baba, na kuhusu wewe nimejua miaka yako na begi moja la nguo.

Kitindamimba

Asanteni. Mzee wangu, godoro sikuliwaza kabisa namna hiyo, nilidhani ndiyo hatua inayofuata ya ugonjwa.

Zamu ya Usiku, swali lako limenishtua. Dada alinitumia vidonge vya mzio, vile vinavyoleta usingizi, akasema yeye huvitumia na hulala fofofo. Nilianza kumpa baba Jumatatu, kimoja kila usiku. Jumatano ndiyo hayo niliyoandika.

Zamu ya Usiku

Usimpe kingine leo. Kesho kibebe kikopo chenyewe umpelekee daktari.

Vidonge vya aina hiyo vinazuia kemikali ya ubongo inayoitwa asetilikolini, na Alzheimer tayari imeipunguza kemikali hiyo hiyo. Kijana akimeza analala. Mzee mwenye ugonjwa huu anaweza kuchanganyikiwa zaidi, mkojo ukagoma, choo kikafunga. Dada yako alitaka kukusaidia, usimlaumu, watu wengi hawajui. Na mtu yeyote akikushauri zile dawa nzito za kutuliza wagonjwa wa akili, ongea na daktari kwa kirefu kwanza. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba kwa wazee wa aina hii zinaongeza hatari ya kifo, na mwaka 2008 ikalipanua onyo hilo kwa zile za zamani pia. Zipo hali zinazozihitaji, lakini si kwa sababu mtunzaji amechoka. Aliyechoka apumzishwe.

Kitindamimba

Siku kumi na mbili zimepita, nimerudi kama nilivyowaahidi baadhi yenu.

Mkojo ulikuwa safi. Choo kilikuwa kimefunga, siku tano, na mimi sikujua kwa sababu alikuwa anajifungia mwenyewe na kutoka akisema tayari. Daktari alivisimamisha vile vidonge, akampa dawa ya kulainisha choo na kuagiza anywe maji kwa saa maalumu. Siku ya tatu baba aliniita kwa jina langu. Mara moja tu, asubuhi, akiniomba taulo.

Taa iko chooni. Pazia lipo. Kengele niliifunga mwenyewe, kwanza chini mno ikawa hailii, nikaipandisha. Shati la kazini nalificha kila jioni na kulirudisha asubuhi, maana asipolikuta kabisa anahuzunika.

Kuhusu kura. Niliwaandikia wote watatu kwamba nimekuwa namfungia baba, nikaeleza yote, hadi la kusimama mlangoni bila kumjibu. Kisha nikasema sipigi kura, na ninawaomba wao pia wasipige, mpaka kila mmoja alale hapa usiku mmoja akiwa peke yake na baba, mimi nisiwepo. Mchana sio unaoamua jambo hili. Usiku ndio unaojua. Kaka wa pili alikasirika, akasema ninawapa mtihani kama watoto, na mpaka naandika hapa hajanijibu tena. Hilo linaniuma na sitaficha. Dada alisema atapanga. Kaka mkubwa hakusema kitu, Ijumaa jioni nikamwona getini na mkoba.

Nilimwonyesha kila kitu, nikaenda kulala kwa rafiki yangu. Nililala saa kumi na moja mfululizo. Nilipoamka sikujua niko wapi, na kwa dakika nzima nilielewa kidogo baba anavyoamka.

Niliporudi, kaka alikuwa amekaa mezani na karatasi. Alikuwa ameandika kila mara baba alipoamka: saa sita na robo, saa saba, saa saba na dakika arobaini, mistari saba mpaka alfajiri. Kwenye mstari wa nne ameandika, "Ameniita kwa jina la babu." Huyu ni mtu mwenye miaka 56, mkali, hata kwenye msiba wa mama nilimwona akisimamia mambo tu. Aliniambia, "Saa nane alisimama ukumbini akaniuliza kama wote wamo. Nikajibu wote wamo, kama mama. Akatikisa kichwa, akasema hapana, kuna mmoja hayumo. Akavuta kiti akakaa karibu na mlango kumsubiri. Nami nikavuta kiti."

Walikaa hivyo mpaka kulipopambazuka. Kaka hakumwuliza anamsubiri nani. Huenda ni mama. Huenda ni mimi, maana kweli usiku ule sikuwamo. Au ni yeye kaka wa miaka ile, aliyechelewa kurudi.

Bado anaamini makao ya wazee yatafika, na mimi sasa nakubali kwamba yanaweza kufika. Tumekubaliana tuanze kuyatembelea mapema, tena usiku, tusije tukachagua siku tumeshaanguka bafuni kama Mzee wa Alfajiri alivyotueleza. Kwa sasa atalipa mtu wa kukesha na baba siku tatu kwa juma, na yeye mwenyewe atakuja Ijumaa moja kila mwezi. Kuzungushwa kumekufa. Dada anakuja juma lijalo, nimemwambia aje na sweta, kiti cha mlangoni kina baridi.

Jumamosi ile kabla ya kuondoka, kaka aliomba bisibisi. Alipiga magoti mbele ya chumba cha baba akafungua skrubu za kile kitasa moja moja, baba akiwa amemshikia taa na kumwelekeza. Palipobaki tundu akaziba kwa kipande cha mbao. Kitasa na ufunguo wake alivitia kwenye mkoba wake, akaondoka navyo.